Kabla Hatujanunua Tarumbeta

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi mbele ya kamati za sharika na wafadhili, Mji Mkongwe, Unguja)

 

 Tumeombwa tuzungumzie kipengele ambacho kwenye ajenda kimeandikwa kwa kifupi tu, “vyombo vya bendi ya shule”. Kama mnavyofahamu, sharika zimechanga na wafadhili wetu wameahidi kuongeza kiasi kama hicho, ili watoto wa shule ya msingi wapate bendi ya kupuliza. Kinachobishaniwa ni fedha hizo zinunue nini. Wajumbe kadhaa wanataka seti nzima ya vyombo vipya vya bei nafuu, ishirini kwa mpigo, kila mtoto apate chake siku moja. Sisi katika ofisi ya miradi tunapendekeza vyombo sita vilivyokwisha kutumika, vya viwanda vinavyojulikana, na fedha zinazobaki ziende kwa mwalimu, fundi na vipuri. Tunajua kwamba katika picha ya makabidhiano vyombo sita vilivyochubuka havipendezi kama ishirini vinavyong'aa. Tunaomba mtusikilize kabla ya kuamua.

Kwanza tuondoe wasiwasi wa wale wanaouliza kama tarumbeta ina nafasi Unguja. Ina nafasi, tena ya siku nyingi. Masultani walikuwa na bendi yao ya kupuliza, na wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa. Kutokana na kuziiga bendi za kijeshi ikazaliwa beni, ngoma iliyoenea pwani nzima kuanzia miaka ya 1890, hata mwanahistoria Terence Ranger akaiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Kwingine beni imefifia, lakini hapa bado inapigwa harusini, tarumbeta na tromboni pamoja na ngoma, na watu wazima wanaifuata barabarani kama watoto. Kwa upande wetu sisi Walutheri, tarumbeta zilikuja na wamisionari wa Kijerumani, na sharika za Kaskazini hadi leo zina vikundi vyake. Kwa hiyo mtoto wa Unguja anayeshika tarumbeta hajifunzi kitu cha kigeni.

Sasa tuje kwenye ununuzi wenyewe.

Tarumbeta ina pistoni tatu zinazopanda na kushuka ndani ya mirija yake. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa mrija ni ndogo mno, nyembamba kuliko unywele. Hapo ndipo bei ya chombo ilipo. Kiwanda kizuri kinachonga pistoni ikae sawasawa na isivujishe pumzi. Kiwanda cha bei ya chini kinaharakisha. Chombo kipya cha bei rahisi kinang'aa siku ya kwanza, na baada ya miezi michache pistoni zinaanza kukwama, viungo vilivyolehemiwa vinaachia, na ukitafuta kipuri hukipati, kwa sababu kile kiwanda huenda kilibandika jina jingine kwenye mzigo uliofuata. Mtoto hajui hayo. Anajua tu kwamba anapuliza na sauti haitoki, na anadhani kosa ni lake. Watoto wengi walioacha bendi tunaambiwa “hawakuwa na kipaji”. Tungependa kwanza vipimwe vyombo walivyopewa.

Yamaha ya mwanafunzi iliyotumika miaka ishirini, ikiwa pistoni zake hazijaliwa, inafanya kazi kuliko hiyo mpya. Rangi iliyobabuka haina neno. Bonde dogo kwenye mdomo mpana wa tarumbeta halina neno kubwa pia. Vitu vya kukagua ni hivi: pistoni zishuke na kurudi bila kusitasita, mirija midogo ya kurekebishia sauti ivutike kwa mkono, kile kipande cha mdomoni kitoke bila kupigwa nyundo. Jaribio jingine halihitaji mtaalamu. Vuta mrija mdogo mmoja bila kubonyeza pistoni yake, kisha ndipo ubonyeze. Ukisikia mlio mdogo kama wa kizibo cha chupa, hewa haikuvuja. Usiposikia kitu, ulizeni bei ipungue au mwondoke.

Hapa tuseme neno kuhusu misaada ya vyombo vikuukuu kutoka ng'ambo, na wafadhili wetu watuwie radhi, maana tunasema kwa upendo. Koneti na yufoniamu za zamani za Uingereza zina tatizo ambalo halionekani kwa macho. Bendi za kupuliza za kule zilikuwa zikitumia kipimo cha sauti kilicho juu kuliko kile cha kimataifa, mpaka katikati ya miaka ya 1960. Chombo cha namna hiyo kikipigwa peke yake ni kizuri kabisa. Kikiwekwa karibu na chombo cha siku hizi, au na kodiani, sauti zinagombana, na hakuna mwalimu wa kuzipatanisha, kwa kuwa mrija ni mfupi tangu ulipotengenezwa. Fundi anaweza kuurefusha, lakini mara nyingi gharama inapita thamani ya chombo. Kwa hiyo ndugu zetu wa usharika rafiki wakiandika kwamba wamepata sanduku la koneti za babu, tuwashukuru, kisha tuulize umri wake kabla halijapakiwa melini.

Kuna pia suala la hewa yetu. Tunaishi kisiwani, na chumvi ya bahari haina mgeni wala mwenyeji. Shaba inaota kutu ya kijani, lakini ikisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kila mwezi, ikakaushwa na pistoni kutiwa mafuta yake, inadumu. Klarineti na saksafoni ni habari nyingine. Vile vifuniko vidogo vya matundu vina pedi za ngozi na sufu, ambazo kwa unyevunyevu wa masika zinavimba, zinaota ukungu na kuoza. Chemchemi zake za chuma zinashika kutu. Nani hapa Unguja atabadilisha pedi zote za klarineti? Fidla nazo zinaachia gundi. Wapiga taarabu watawaambia habari hizo kuliko sisi. Kwa bendi inayoanza tunashauri shaba na ngoma tu, na ngoma zinunuliwe hapa hapa kwa mafundi wetu.

Tuzungumze na kuhusu mtoto mwenyewe, kwa sababu kwenye orodha za ununuzi yeye hupotea. Tarumbeta inahitaji meno ya mbele ya kudumu, kwa hiyo kabla ya miaka minane au tisa tusihangaike. Koneti ina urefu wa mirija sawa na tarumbeta ila imekunjwa zaidi, haimlemei mtoto kwa mbele, na kwa mwenye mikono mifupi ni nafuu. Tromboni inataka mkono mrefu. Mtoto wa darasa la tatu hafiki mwisho wa ule mrija wa kuvuta. Zipo siku hizi tromboni na tarumbeta za plastiki, nyepesi, zisizoota kutu. Sisi hatuzidharau. Kwa mwaka wa kwanza zinatosha, na zikianguka kwenye ngazi za mawe za Mji Mkongwe hazibonyei.

Na msichana? Tumesikia kwenye kikao kimoja kwamba tarumbeta si ya wasichana. Kisiwa hiki kilimtoa Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, na Bi Kidude, aliyepiga ngoma na kuimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki mwaka 2013. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarabu ambalo wanawake wenyewe ndio wanaopiga vyombo. Hilo tuliache hapo.

Tumefika kwenye sehemu ambayo kwa maoni yetu ni nzito kuliko bei. Chombo kikishanunuliwa, kinalala wapi?

Katika shule tulizotembelea, mara nyingi jibu ni kabati. Kabati lina kufuli, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana semina. Vyombo vinatolewa wiki mbili kabla ya sherehe za Januari au kabla ya mgeni rasmi kuja, kisha vinarudi. Hatulaumu mtu. Mwalimu mkuu amekabidhiwa mali kwa maandishi, kikipotea chombo ataulizwa yeye, na hakuna atakayemuuliza kama watoto walijifunza. Hofu yake tumeitengeneza sisi wenye miradi, kwa fomu zetu za kuhesabu mali. Lakini midomo ya mtoto ni misuli, na misuli isiyofanya kazi kila siku inalegea. Dakika kumi na tano kila siku nyumbani zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi. Mtoto asiyekwenda na tarumbeta nyumbani hatajifunza tarumbeta, hata tukimnunulia ya dhahabu.

Tunapendekeza chombo kinunuliwe kwa jina la shule, lakini kikopeshwe kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima, kwa fomu ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na mzazi. Fomu iseme wazi kwamba chombo kikiharibika kwa kutumika, mfuko unalipa. Mzazi muuza samaki au mama ntilie akisoma kwamba atadaiwa tarumbeta, atamwambia mwanawe airudishe kabatini siku hiyo hiyo, na atakuwa na haki. Mtoto akihama kwenda Bara, chombo kinabaki. Kikipotea kwa uzembe ulio wazi, kamati ya shule ikae na mzazi, na tusikimbilie polisi.

Fomu hiyo ina kazi nyingine. Wengi wa watoto hawa ni wa familia za Kiislamu, na sisi ni kanisa. Mzazi ana haki ya kujua fedha zimetoka wapi na bendi itapiga nini. Tumekubaliana na walimu kwamba bendi ni ya shule, haitapiga kanisani wala haitavaa nembo yetu. Mazoezi yasigongane na muda wa chuoni jioni, na mwezi wa Ramadhani yasimame. Kuna wazee wanaoona muziki haufai kabisa. Mtoto wao asishawishiwe. Mfadhili mmoja alituuliza kama hivyo hatuwi tunatoa bila kuonekana. Tulimjibu ndiyo, ndivyo tulivyokusudia.

Kuhusu mwalimu, Unguja hatuko maskini. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho wengi mnakijua kwa herufi DCMA, kilianzishwa mwaka 2002, kikafundisha kwa miaka mingi katika jengo la zamani la Forodha pale Mizingani, na vijana wake wametapakaa kisiwa kizima. Lakini mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango kwa kukosa fedha za uendeshaji. Karo ilikuwa takriban dola 13 za Marekani kwa mwezi, na wanafunzi wengi hawakuimudu. Ganuni na fidla zilikuwepo, waliojua kuzipiga walikuwepo. Kilichokauka ni fedha za kila mwezi. Ni rahisi kumpata mfadhili wa tarumbeta. Mfadhili wa nauli ya daladala ya mwalimu wa tarumbeta ni adimu kama mvua ya Agosti.

Ndiyo maana mgawanyo wetu uko hivi: katika kila shilingi 100, 50 ziende kwenye vyombo, 35 kwa mwalimu kwa miaka miwili, na 15 kwa mafuta ya pistoni, vipuri na fundi. Kwa upande wa fundi, wapo hapa mjini mafundi hodari wa kulehemu, ila wamezoea rejeta za magari, na moto wa rejeta unaiharibu tarumbeta. Tunaomba kijana mmoja apelekwe Bara akae na mtu anayeijua kazi hii, ajifunze kunyoosha bonde na kulehemu kwa moto mdogo. Wapiga beni wa harusini nao watakuwa wateja wake, kwa hiyo hatakaa bure akisubiri vyombo sita vya shule.

Ununuzi tunashauri ufanyike Dar es Salaam, kwa kuvishika na kuvipuliza, akiwepo mwalimu atakayefundisha. Tusinunue kwa picha ya simu. Nauli yake ya boti imo kwenye bajeti. Gharama za bandarini ziulizwe kabla, siyo mzigo ukiwa tayari gatini.

Rasimu ya fomu ya mkopo wa chombo iko kwa katibu, kwa Kiswahili, na nakala zinatosha. Wajumbe wa shule wameomba neno “uzembe” lielezwe vizuri zaidi, na wana hoja. Tafadhali andikeni mapendekezo yenu pembeni ya karatasi na kuirudisha kabla ya kikao cha kupitisha bajeti. Kamati ikiamua vyombo ishirini, ofisi itatekeleza. Tutaomba tu kwamba ile fungu la mwalimu lisiguswe.

 Tuko tayari kwa maswali.