Kisaidizi Ndani ya Chanjo na Ndani ya Bomba la Dawa



Lipo jambo moja katika huduma ya chanjo ambalo wazazi hulipokea kwa uchungu. Mama ametoka nyumbani alfajiri na mtoto mgongoni, amefika zahanati, naye anaambiwa kwamba chupa za chanjo zimeondolewa kwa kuwa ziliganda, hivyo arudi siku nyingine. Huondoka akinung'unika: nyama ikiganda haiharibiki, iweje chanjo iharibike kwa barafu? Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika kitu kidogo kisichotajwa sana, yaani kisaidizi, ambacho wataalamu hukiita ajuvanti.

Kisaidizi peke yake hakikingi ugonjwa wala hakiui mdudu. Kazi yake ni kuiwezesha chanjo, au dawa ya shambani, ifanye kazi iliyokusudiwa.

Habari yake katika chanjo ilianzia kwa farasi. Katika miaka ya 1920, Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Taasisi ya Pasteur nchini Ufaransa, alikuwa akiwadunga farasi ili damu yao itoe dawa ya ugonjwa wa dondakoo. Akaona kwamba farasi walioota jipu pale walipodungwa ndio waliotoa dawa yenye nguvu zaidi. Basi akaanza kuchanganya katika sindano vitu vya kuuchokoza mwili, kimojawapo kikiwa tapioka, yaani wanga wa muhogo. Mwaka 1926, Alexander Glenny na wenzake huko Uingereza walitumia shabu, ile ile inayotiwa katika maji ya tope ili uchafu utuame, wakapata kinga kubwa kuliko ya chanjo isiyo nayo. Hadi leo chumvi za alumini, ambazo ni jamaa ya shabu, zimo katika chanjo ya watoto ya kinga tano inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, katika chanjo ya nimonia, na katika ile ya wasichana ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

Chembe hizo za alumini hubeba sehemu ya kidudu iliyokwisha kuondolewa madhara, zikaishikilia mahali pa sindano na kuwaita askari wa mwili waje waitambue. Ndiyo maana paja la mtoto huweza kuvimba kidogo na kuuma kwa siku moja au mbili. Wengi hudhani uvimbe huo ni dalili ya dawa mbaya, kumbe mara nyingi ni alama kwamba mwili umeitika. (Wala asitokee mtu wa kumpaka mtoto shabu ya dukani kwa kusikia habari hizi.)

Sasa kuhusu barafu. Chanjo hizi hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8. Zikiganda, chembe za alumini hushikamana na kuwa mabonge, na hata barafu ikiyeyuka mabonge hayo hayarudi kuwa chembe laini. Kwa macho chupa huweza kuonekana nzima, ilhali kinga imepungua, na mtoto aliyedungwa huhesabiwa kuwa amekingwa kumbe sivyo. Hapo ndipo penye hatari: kadi imejazwa, mzazi ametulia, na kifaduro au pepopunda havisomi kadi.

Kwa hiyo muuguzi anayetilia shaka chupa huitikisa pamoja na nyingine ya toleo lile lile iliyogandishwa makusudi kisha ikayeyushwa, akaziweka kando kutazama mashapo yanavyoshuka. Ile inayotuama upesi kama iliyogandishwa haitumiki. Vivyo hivyo, pakiti za barafu zikitolewa kwenye friza huachwa nje kwanza mpaka maji yasikike yakicheza ndani yake, ndipo zipangwe katika kasha la chanjo. Kuchelewa huko asubuhi si uvivu. Chanjo ya matone ya polio, isiyo na kisaidizi hicho, huweza kuhifadhiwa katika baridi ya kugandisha bila madhara. Ndiyo sababu mtu huona chanjo moja imeganda na kutumika, na nyingine imeganda na kutupwa.

Shambani kisaidizi kina kazi tofauti, lakini kosa linalofanywa juu yake linafanana. Jani la kabichi au la kitunguu lina nta. Tone la dawa huviringika juu yake kama maji juu ya jani la myugwa, likaanguka chini. Kisaidizi cha kutandaza hulilaza tone hilo lienee na kushika. Mkulima asiyekijua huona wadudu hawafi, akaongeza kipimo cha sumu. Gharama yake hupanda, na sumu inayozidi huishia ardhini na katika chakula. Wengine hutia sabuni ya unga kwa kukisia. Sabuni ikizidi huunguza majani, na katika maji ya chumvichumvi hufanya utando unaoziba mdomo wa bomba. Kibandiko cha dawa ndicho kinachosema kama kisaidizi kinahitajika na kwa kiasi gani, kwani dawa nyingine hutoka kiwandani zikiwa nacho tayari.

Dawa ya magugu ya glaifosati inadai uangalifu wa pekee. Maji ya kisima yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi huifunga isifanye kazi, na maji ya tope huifunga zaidi, maana hunata kwenye udongo. Kwa maji ya kisima, mbolea ya SA ikiyeyushwa kwanza, kabla ya dawa kutiwa, hupunguza tatizo hilo. Kwa tope hakuna cha kutia. Yatafutwe maji safi. Na anayefikiri kuyatakasa kwa shabu ajue kwamba alumini iliyomo nayo huishika glaifosati. Kitu kile kile kinachoipa chanjo nguvu, katika bomba la dawa ya magugu huiondoa.