Maji, Chumvi na Kioo: Mada Juu ya Usafishaji wa Madirisha na Kuta za Nje katika Miji ya Pwani



Nimetakiwa niseme mbele yenu juu ya kazi ambayo watu wengi huidhania kuwa ni ya nguvu za mkono na ndoo ya maji tu, nami nimeipokea amana hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu, hapa Mombasa na kwingineko katika mwambao wetu, nyumba si haba zilizopata madhara kwa mikono ya wale wale walioajiriwa kuzinadhifisha. Rai yangu, ambayo nitaishikilia tangu mwanzo hadi mwisho, ni kwamba kazi hii ipimwe kwa kile kinachosalia baada ya msafishaji kukunja vifaa vyake na kuondoka: chumvi ya maji yaliyokauka juu ya kioo, asidi iliyonywewa na lipu, na hata dawa iliyopenya ndani ya kamba atakayoning'inia mtu kesho yake.

Hatuna budi kuanza na bahari. Lita moja ya maji yake hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na kila wimbi linapovunjika mwambani hurusha matone madogo mno yasiyoonekana kwa jicho, ambayo upepo huyachukua na kuyabandika juu ya kila kilichosimama mbele yake. Msimu wa kusi, tangu Aprili hadi kiasi cha Septemba, upepo hutujia kutoka kusini-mashariki, yaani moja kwa moja kutoka baharini, na kwa ajili hiyo madirisha ya Nyali au ya Oysterbay yanayoelekea maji huchafuka upesi kuliko yale ya upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo. Tena chumvi ina tabia ya kuvuta maji yaliyomo hewani. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 huyeyuka yenyewe ikawa majimaji, na kwetu sisi unyevu wa usiku na wa alfajiri aghalabu hupita kiwango hicho. Ndiyo sababu kioo cha nyumba ya pwani hunata kikiguswa asubuhi, kisha vumbi la barabara na masizi ya magari hupata pa kushika, na jua linapopanda majimaji yale hukauka na kuliacha vumbi limefungwa ndani ya chumvi, hata usiku urudi na kulilowesha tena. Anayekuja na kitambaa kikavu akakisugua kioo cha namna hiyo, ajue kwamba anakikwaruza kwa mchanga. Na fremu za alumini nazo, ambazo wauzaji husifu kwamba hazipati kutu, chumvi ikikaa juu yake muda mrefu huzitoboa vitundu vidogo vidogo, ilhali suuzo la maji matamu kila baada ya majuma machache lingeliziepusha na madhara hayo.

Lakini maji hayo matamu yatoke wapi? Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu, na ndipo ninapoomba subira ya wasikilizaji. Visima vyetu vingi vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ambao asili yake ni chokaa, na maji yanayopita humo huyeyusha chokaa hiyo, na yakiwa karibu na bahari huchanganyika na chumvi pia. Tuchukue kisima ambacho lita yake moja ina miligramu 1000 za vitu vilivyoyeyuka: ndoo ya lita 20 itakuwa imebeba gramu 20, kiasi cha vijiko vitatu vya chai na ushei, na maji yakishakuwa mvuke gramu hizo haziruki pamoja nayo bali hubaki pale yalipokaukia. Mwenye nyumba huona madoa meupe ya mviringo akadhani kijana hakusugua, akamrudisha asugue tena kwa maji yale yale. Taksiri yenyewe imo ndani ya ndoo.

Katika nchi nyingine wenye kazi hii hutumia mitambo inayoyachuja maji hadi yakabaki karibu matupu, nao huyapima kwa kijichombo cha mkononi. Yakionyesha chini ya miligramu 10 kwa lita, hukauka juu ya kioo bila kuacha alama wala kuhitaji kufutwa. Maji hayo hupandishwa kwa mpira ndani ya fimbo ndefu nyepesi yenye brashi kichwani, na mtu akasafisha dirisha la ghorofa ya tatu au ya nne akiwa amesimama chini. Mitambo hiyo ina gharama, nami sitamwambia kijana anayeanza kazi kwa ngazi na ndoo mbili kwamba akakope ili ainunue. Namwambia hivi: Mwenyezi Mungu hutuletea maji ya namna hiyo wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, na mengi tunayaacha yapotelee mtaroni. Maji ya mvua hayakupita mwambani, hayana chokaa. Manyunyu ya kwanza yaachwe yaoshe bati na michirizi, kisha yanayofuata yakingwe ndani ya tangi lenye kifuniko. Kioo kioshwe kwa maji yoyote safi yaliyopo, lakini suuzo la mwisho, ambalo halihitaji maji mengi, liwe la maji ya mvua. Bighairi ya mtambo wowote, tofauti yake huonekana siku ile ile.

Yafaa tujue vilevile kioo ni kitu gani. Ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na soda na chokaa, na ingawa hudhaniwa kuwa hakidhuriki na maji, maji yakilala juu yake muda mrefu huichomoa soda iliyomo, nayo soda huyageuza maji yale yakawa makali, yakakila kioo chenyewe. Dalili yake ni ukungu usioondoka kwa kitambaa wala sabuni, kwa maana si uchafu tena, ni ngozi ya kioo iliyoharibika. Maji yanayochirizika kutoka kwenye saruji mpya huleta athari kama hiyo, tena upesi zaidi, na kwa hiyo katika jengo linalojengwa vioo vifunikwe, au vioshwe kila siku ya kazi, wala visingojee sherehe ya ufunguzi. Na wembe wa kukwangulia rangi na lipu usitumiwe ovyo juu ya vioo vilivyoimarishwa kwa moto, kwani vingine hutoka kiwandani na chembe ngumu zilizoganda usoni, na wembe ukizikokota huchora mistari isiyofutika.

Sasa mkono wenyewe. Kifaa kikuu cha fundi wa vioo ni ule mpira mwembamba uliobanwa katika kipande cha shaba chenye mpini, ambao Mwitalia mmoja aliyehamia Marekani, Ettore Steccone, aliutengeneza huko Oakland mwaka 1936, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Tazameni fundi hodari anavyoutumia. Kwanza hukilowesha kioo chote kwa maji yenye sabuni kidogo mno, akayaacha kitambo yalainishe chumvi. Kisha hukausha ukanda mwembamba pembezoni mwa fremu kwa kitambaa, kwa sababu mpira ukianzia penye majimaji huyakokota na kuacha mstari. Huulaza mpira kwa mshazari kidogo, ncha ya juu ikitangulia, ili maji yakimbilie upande ambao haujafutwa. Huuteremsha kwa mkono mmoja usiokatika, akageuza kifundo cha mkono kila afikapo ukingoni, na kila baada ya mkupuo huupangusa ukingo wa mpira, kwa kuwa punje moja ya mchanga iliyonata pale itachora kioo kizima. Mwishoni husimama upande, akakitazama kioo kwa mshazari kulielekea jua, maana kinachofichika mbele hudhihirika ubavuni. Haya huyafanya asubuhi au alasiri. Adhuhuri, kioo kikiwa cha moto, sabuni hukauka kabla ya mpira kuifikia.

Nageukia kuta, na hapa natamka kwa uchungu. Mji Mkongwe wa Unguja umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001, na nyumba za miji hiyo, kama nyingi za hapa Mji wa Kale, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu na kuutoa, na ngozi yake ya nje ni laini. Anapokuja mtu na mashine ya presha, ambayo hata zile ndogo za nyumbani husukuma maji kwa nguvu inayozidi mara 100 ya ile ya hewa itukandamizayo, ukuta hutoka mweupe kama jino, mwenye nyumba akafurahi na kulipa, hali chokaa yenyewe ndiyo iliyong'olewa na maji yamesukumwa ndani kabisa ya jiwe. Msimu mmoja haupiti, weusi hurudi mwingi kuliko ule wa kwanza. Sababu si siri: weusi ule ni kuvu na mwani, viumbe hai vyenye kutaka unyevu na mahali penye mikwaruzo pa kushikia, na vyote viwili vimekwisha kuongezwa na mashine.

Kwa kuta za saruji zilizopakwa rangi, dawa ya klorini tuiitayo jiki, iliyozimuliwa vizuri, ikapakwa taratibu, ikaachwa dakika chache na kusuuzwa kwa maji mengi yasiyo na presha kubwa, huua kuvu na kuondoa madoa pasipo kuharibu. Lakini mimea ya chini iloweshwe maji kwanza, na mifereji ya paa iendayo tangini itenganishwe na tangi, ili dawa isiingie katika maji ya kunywa. Kwa kuta kongwe za chokaa dawa hiyo sikubaliani nayo, kwa sababu huacha chumvi ndani ya jiwe; brashi laini na maji kidogo hutosha, na aghalabu ukitafuta utakuta mchirizi uliopasuka au bomba linalovuja juu ya doa lile lile, na kulitengeneza ndiko kulisafisha.

Asidi isiguse chokaa kabisa. Mwenye shaka na atie tone la siki mahali pa siri: likitoa povu, basi ukuta, au marumaru, unaliwa. Wala asithubutu mtu, kwa kutaka kuharakisha, kuchanganya asidi na jiki katika ndoo moja, kwa kuwa itokayo humo ni gesi ya klorini, ile ile iliyoachiliwa juu ya askari huko Ypres mnamo Aprili 1915. Nasema haya kwa kuwa chupa zote mbili huuzwa katika duka moja, na vijana wetu wengi hununua za kujaza upya, zisizo na karatasi ya maelezo.

Kisha kuna urefu. Katika mnara wa Burj Khalifa wa Dubai, wenye mita 828 na vioo zaidi ya 24,000, mitambo ya kubebea wasafishaji ilifikiriwa tangu jengo likiwa michoro. Kwetu nimepata kuona kamba imefungwa kwenye bomba la maji machafu juu ya dari ya ghorofa, na mtu mwenye mke na watoto ameketi chini yake juu ya ubao. Sharti lijulikanalo na kila mwenye elimu ya kazi hii ni kamba mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya kumdaka mtu, kila moja ikiwa na shikizo lake mbali na la mwenzake, na chini awepo mwingine ajuaye kumteremsha, kwani mtu aliyezirai akining'inia katika mikanda huweza kuhatarika kwa muda wa dakika tu. Tena nailoni huliwa na asidi: kamba iliyorushiwa dawa ya ukutani huweza kuonekana nzima huku nguvu zake zimekwisha. Sheria za usalama na afya kazini zipo, ya Tanzania ni ya mwaka 2003 na ya Kenya ya 2007, na hapa Kenya mwajiri analazimika kuwakatia bima wafanyakazi wake. Asiyekata ndiye mara nyingi awezaye kutoa bei ya chini, na mwenye jengo akaipokea bila kuuliza.

Kwa hiyo naomba semina hii ipendekeze kwamba mikataba yetu iache kutaja idadi ya madirisha na ujira peke yake. Itaje maji yatatoka wapi. Itaje dawa zitakazotumiwa. Iweke sharti la kujaribu kwanza pembeni, mahali padogo, na kungojea pakauke. Ieleze hali ya vioo kabla ya kazi, ili mikwaruzo ya zamani asitwikwe fundi. Ionyeshe mashikizo ya kamba na cheti cha bima. Na kwa majengo yanayoelekea bahari, malipo yapangwe kwa misimu: suuzo jepesi la mara kwa mara wakati wa kusi, na uoshaji mkubwa kusi ikiisha.

Alasiri, kwa idhini ya Mwenyekiti, tutatoka kwenda ukuta wa nyuma wa jengo hili, ambako kuna madirisha mawili yanayofanana. Ndoo mbili zimekwisha tayarishwa, moja ya kisima na moja ya mvua. Mafundi wataosha kila dirisha kwa ndoo yake, wasilifute, nasi tutangoja yakauke, kisha kila mtu atakaribia na kutazama kwa mshazari.