Mji ni Nini? Ramani za Dunia na Tabu ya Majina



Katika lugha yetu neno mji ni pana. Laweza kuwa makazi ya mtu na jamaa zake, laweza kuwa Mombasa nzima. Na kijiji ni mji huohuo uliotiwa kiambishi cha udogo. Katika mazungumzo upana huo haumsumbui mtu. Tabu huanza pale makazi ya nchi zote yanapoingizwa katika hazina moja ya kompyuta, inayotaka kila mahali pawe na fungu lake.

Chukua OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Mafungu yake ya jiji, mji, kijiji na kitongoji yametokana na desturi za Kiingereza, na hata huko kwao hayakai sawa. St Davids, katika Wales, una wakazi wasiofika 2,000, nao ni jiji kwa idhini ya Malkia ya mwaka 1994. Reading, wenye watu zaidi ya 150,000, bado ni mji. Mchoraji afuate cheo au idadi?

Tanzania swali hilo ni zito zaidi. Kijiji huko ni mamlaka ya kisheria, chenye mipaka na halmashauri yake, na ndani yake mna vitongoji kadhaa. Aliyeketi Ulaya akitazama picha ya satelaiti huona makundi matatu ya mapaa, akaandika vijiji vitatu. Ofisi ya wilaya inalijua jina moja tu. Na mtaa, ambao Dar es Salaam una mwenyekiti aliyechaguliwa, Nairobi ni mahali pa kukaa tu. Apangaye safari ya gari la chanjo kwa ramani kama hiyo aweza kuhesabu kijiji mara tatu, au asikione kabisa.

Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha kipimo kimoja. Nchi hugawanywa katika miraba ya kilomita moja ya mraba; jiji ni miraba inayopakana, yenye watu wasiopungua 1,500 katika kila mmoja na 50,000 kwa jumla. Kwa kulinganisha nchi na nchi, naona kipimo hiki ni cha haki kuliko vyeo. Lakini mwanakijiji anayedai zahanati huidai kwa jina la kijiji chake, na miraba haina majina.

Afadhali basi mambo hayo mawili yatunzwe mbalimbali: cheo kilichotolewa na serikali, na idadi ya watu pamoja na mwaka wa kuhesabiwa. OpenStreetMap ina nafasi ya yote mawili. Ile ya pili, kwa vijiji vingi, ingali tupu.