Argentina na Ujasiri wa Biashara

Mara kwa mara wenye mitaji wa Marekani wamedai kwamba watu wa Amerika ya Kusini ni waoga wa kujitosa katika biashara mpya za teknolojia. Mambo yaliyotokea Argentina baada ya mwaka 1999 yanalikanusha dai hilo.

Mwaka huo kijana wa Argentina, Marcos Galperin, alikuwa akimaliza masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Alikusudia kuanzisha soko la kuuzia na kununulia vitu kwa njia ya intaneti. Tajiri mmoja, John Muse, alipokuja kuwahutubia wanafunzi, Galperin alijitolea kumpeleka kwa gari hadi kwenye ndege yake, na njiani akamweleza shabaha yake. Muse akakubali kutoa mtaji. Mwezi Agosti kampuni ya MercadoLibre ikaanza kazi.

Kisa hicho husimuliwa sana kuwa ni mfano wa ushujaa. Ushujaa ulikuwapo, hapana shaka. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba ukoo wa Galperin ulikuwa na biashara kubwa ya ngozi, na kwamba elimu yake ingempatia kazi popote. Lau soko lake lingeanguka, asingelala njaa. Tena alikuwa na bahati ya wakati: mwezi Mei 2000, majuma machache tu baada ya bei za hisa za kampuni za intaneti kuanza kuporomoka huko Marekani, alipata mtaji mwingine wa takriban dola milioni 46. Waliobisha hodi baadaye walikuta milango imefungwa.

Hatari yenyewe ilifika Desemba 2001. Serikali ya Argentina ilizuia wananchi kuchukua fedha zao benki isipokuwa peso 250 kwa juma. Ghasia zikazuka, watu wakauawa, na Rais Fernando de la Rúa akaondoka Ikulu kwa helikopta. Mwaka 2002 akiba zilizowekwa kwa dola zikageuzwa kuwa peso 1.40 kwa kila dola, na katika mwaka huo huo dola moja ikapita peso 3. Mwalimu au fundi aliyeweka akiba yake benki miaka mingi, bila kucheza kamari yoyote, alipoteza sehemu kubwa ya jasho lake. Huyo hakuna aliyemwita shujaa.

Katika nchi ya namna hiyo, mnunuzi wa Córdoba angewezaje kumpelekea fedha muuzaji wa Buenos Aires asiyemjua? MercadoLibre ilitambua kwamba tatizo lilikuwa uaminifu zaidi ya kompyuta. Kuanzia mwaka 2003 ikaleta Mercado Pago, utaratibu uliowezesha fedha za mnunuzi kushikiliwa kwanza, na muuzaji kulipwa mzigo ukiisha kufika. Kwa hakika hapo ndipo kampuni ilipoonyesha akili yake, kwa kumpunguzia hatari mtu wa kawaida, ambaye hakuwa na ukoo wala tajiri wa kumwinua akianguka.

Agosti 2007 hisa za MercadoLibre ziliuzwa katika soko la NASDAQ, New York, kwa dola 18 kila moja. Walionufaika kwanza ni waliokuwa na hisa.