Mla Majani Mwenye Tumbo la Mla Nyama



Leo nataka kuwaeleza habari za panda, mnyama wa jamii ya dubu, mwenye manyoya meupe na meusi, ambaye kwao ni milima ya Uchina. Wengi wamjua kwa sura yake, lakini ni wachache wajuao taabu ya kumlisha katika bustani za wanyama.

Tuanze na mnyama tunayemfahamu. Ng'ombe ameumbwa kwa ajili ya majani. Tumbo lake lina vyumba vinne. Hula, hucheua, na ndani yake vimo vijidudu vingi vinavyovunja majani polepole hata yakawa chakula. Panda naye hula mianzi, nayo ndiyo karibu chakula chake chote. Hata hivyo tumbo lake ni moja tu, wala hacheui, na utumbo wake ni mfupi kama wa wanyama walao nyama. Mianzi hupita mwilini mwake kwa muda usiotimia nusu siku, kwa hiyo vijidudu havipati nafasi ya kufanya kazi kubwa. Katika kila sehemu tano alazo, mwili hufaidi kama sehemu moja. Zilizobaki hutoka kuwa mavi.

Je, aishije basi? Kwanza, hula sana. Panda mzima aweza kula kilo 12 hata 38 za mianzi kwa siku, na kazi hiyo humchukua saa 10 hata 16. Hushika mianzi kwa msaada wa mfupa wa kifundo cha mkono, uliokua mithili ya kidole gumba. Pili, hutunza nguvu zake. Wataalamu waliompima walitangaza mwaka 2015 kwamba kwa siku hutumia asilimia 38 tu ya nguvu zinazotazamiwa kwa mnyama wa ukubwa wake. Kwa hiyo akimaliza kula hulala, wala huo si uvivu.

Sasa mtazameni mtunzaji wake. Hana budi kuleta mianzi mibichi kila siku, tena mingi kuliko itakayoliwa, kwa maana panda huchagua. Majira mengine hutaka majani, mengine hutaka mti wenyewe, na machipukizi yakitokea huyapenda zaidi. Asichokitaka hukiacha.

Zamani bustani nyingi zilimpa uji wa nafaka, maziwa na mayai, zikidhani zamfanyia hisani. Siku hizi vyakula laini hupunguzwa; hupewa biskuti maalumu na matunda kidogo, lakini mianzi ndiyo msingi, kwa kuwa utumbo wake wazihitaji nyuzi zile ngumu. Hata hivyo maradhi hayakosekani. Mara kwa mara panda huacha kula, hulala kwa maumivu, kisha hutoa donge la ute mahali pa mavi. Ndiyo sababu mtunzaji mwangalifu huyachungua mavi kila siku, kwani mnyama hana kinywa cha kueleza maumivu yake.

Na gharama si ndogo. Bustani ya Ähtäri, katika nchi ya Finland, ilipokea panda wawili mwaka 2018. Mwaka 2024 iliwarudisha Uchina kabla ya wakati uliopatanwa, kwa kuwa mzigo wa kuwatunza uliishinda.

Jambo la kukumbuka ni hili: amfugaye mnyama na aulize kwanza tumbo la mnyama huyo lahitaji nini, kabla ya kumpa kile ambacho yeye mwenyewe akiona ni kitamu. Wageni wafikapo katika bustani humwona panda ameketi kwa raha, akitafuna. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya raha ile kuna watu walioamka alfajiri kukata mianzi.