Suheli Huonekana Lini?

Suheli, ambayo wanafalaki wa kimataifa huiita Canopus, ni nyota ya pili kwa ung'avu katika anga la usiku; Sirius pekee ndiyo inayoizidi. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 310, nyuzi 52.7 kusini mwa ikweta ya anga. Mahali pake hapo hapabadiliki kwa kiasi ambacho jicho tupu linaweza kukitambua katika umri wa mtu mmoja. Hata hivyo, swali la lini inaonekana hupata jibu moja Muscat na jingine Unguja, na majibu yote mawili ni sahihi.

Chanzo kimoja ni mwendo wa dunia. Nyota hurudi pale pale angani kila baada ya saa 23 na dakika 56, ilhali mzunguko wa jua ni saa 24. Kwa hiyo kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana yake, na mwezi ukitimia imewahi kwa saa mbili. Suheli hufika kileleni usiku wa manane siku za mwisho wa Desemba. Katikati ya Februari, mtu wa Dar es Salaam akitazama kusini mnamo saa tatu usiku ataiona katika kimo cha nyuzi 44, yaani ngumi nne na ushei juu ya upeo wa macho, mkono ukiwa umenyooshwa. Sirius wakati huo inakaribia utosini.

Chanzo cha pili, ambacho ndicho kizito zaidi, ni mahali aliposimama mtazamaji. Hesabu yake ni nyepesi: tofauti kati ya latitudo ya mtazamaji na ile ya nyota hutolewa katika 90, na kinachobaki ni kimo cha nyota ikiwa kileleni. Muscat, iliyo nyuzi 23.6 kaskazini, hupata nyuzi 14 hivi. Unguja, nyuzi 6.2 kusini, hupata zaidi ya 43. Muda nao hutofautiana. Juu ya upeo wa Muscat Suheli hukaa saa saba na dakika kadhaa tu, lakini Unguja hukaa takriban saa 13.

Matokeo yake ni makubwa. Muscat nyota hii humezwa na mwanga wa jua tangu mwanzoni mwa Mei, ikapotea kwa zaidi ya miezi mitatu. Inaporudi alfajiri mwezi Agosti, chini kabisa upande wa kusini-mashariki, watu wa Ghuba huipokea kama dalili kwamba makali ya joto yanaanza kupungua, na kalenda yao ya jadi ya duru huanza kuhesabu makumi ya siku kutoka hapo. Tarehe inayotajwa sana ni 24 Agosti, lakini hiyo ni ya makubaliano: kusini mwa Oman huwahi, Kuwait huchelewa. Unguja hakuna cha kungojea. Mnamo Juni Suheli bado huonekana baada ya magharibi, karibu na upeo wa kusini-magharibi. Mapema Julai imeshatokea alfajiri upande wa pili. Pengo ni la siku chache, au wiki mbili hivi ikiwa upeo una utusitusi. Wanaobishana kila mwaka kuhusu matlai ya mwezi wa Ramadhani hawatashangazwa na jambo hili.

Tofauti hiyo ya kimo imekuwa kipimo tangu zamani. Posidonius, mwanafalsafa wa Kigiriki, alisema Suheli hugusa tu upeo wa Rhodes, na Alexandria hupanda sehemu moja ya 48 ya duara, yaani nyuzi 7.5; kutokana na hayo alikadiria mzingo wa dunia. Tofauti halisi ya latitudo ni nyuzi tano na kidogo, lakini njia yenyewe ilikuwa sawa. Manahodha wa Bahari ya Hindi, ambao Ahmad ibn Majid wa Julfar aliandika elimu yao katika karne ya 15, waliigawa dira katika pande 32 zilizopewa majina ya nyota, Suheli ikiwa mojawapo. Jahazi lililotoka Oman na upepo wa kaskazi likielekea Unguja liliiona ikipanda usiku hadi usiku, takriban nyuzi 30 kwa safari nzima.

Hata chombo cha anga cha Marekani Mariner 4, kilichorushwa kuelekea Mirihi Novemba 1964, kiliitumia Suheli kudumisha mkao wake, kwa sababu iko mbali sana na njia ya jua na haizibwi na mwanga wake. Huko angani hakuna upeo wa kuificha. Kilichosumbua ni vumbi: chembe zilizong'aa karibu na chombo ziliihadaa kamera yake, ikapotewa na Suheli zaidi ya mara moja.