Slabu Iliyobanwa: Uliza Kabla ya Kutoboa

Hotuba ya mhandisi wa ujenzi kwa wakazi wa Kimumu

 

Leo nazungumza juu ya slabu, ile sakafu ya konkriti iliyo juu ya kichwa chako na chini ya miguu ya jirani. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, na huku kwetu kando ya barabara ya Iten ghorofa zinaongezeka. Nyumba nyingi za kupanga bado hujengwa kwa nondo za kawaida. Lakini yako majengo makubwa nchini ambayo slabu zake zimebanwa kwa nyaya zilizovutwa, na anayeishi au kufanya kazi ndani yake anafaa kujua nguvu hiyo iko wapi.

Tuanze na konkriti yenyewe. Ukiikandamiza, ni ngumu mno. Ukiivuta, ni dhaifu: hustahimili karibu sehemu moja tu kwa kumi ya nguvu inayostahimili ikikandamizwa. Slabu ikibeba mzigo hupinda kidogo. Katikati ya nguzo mbili, upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, na nyufa huanzia huko chini. Ndiyo maana fundi huweka nondo chini. Hata hivyo, nondo ya kawaida haifanyi kazi kubwa mpaka konkriti ianze kupasuka.

Mhandisi Mfaransa, Eugène Freyssinet, alisajili uvumbuzi wake mwaka wa 1928 kwa wazo hili: tuibane konkriti kwanza, kabla mzigo haujaja.

Jaribuni hili nyumbani. Chukua vitabu kumi vya watoto, uvipange wima mstari mmoja, uvibane kwa viganja viwili, kisha uviinue. Vitakaa kama ubao mmoja, bila gundi wala msumari. Legeza mikono kidogo na vyote viko chini. Sehemu ya juu ya barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ilijengwa kwa njia hiyo: vipande vya konkriti vilitengenezwa kando, vikapangwa, vikabanwa pamoja kwa nyaya za chuma.

Kwenye slabu ya nyumba, nyaya hupangwa ndani ya mipira ya plastiki kabla ya konkriti kumwagwa. Konkriti ikishakomaa, na michemraba ya majaribio ikathibitisha hivyo, jeki huvuta kila waya na kabari za chuma huung'ata usirudi. Waya mmoja wenye unene wa milimita 15 hivi huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 20. Ukiwa na urefu wa mita 20, hurefuka karibu sentimita 14. Muda wote waya huo hutaka kurudi ulivyokuwa, na kwa hivyo huibana slabu kutoka ncha zote mbili.

Tena waya haulali sawa. Hupita juu karibu na nguzo, ukashuka katikati. Fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyolegea: ukiikaza, inainua nguo. Waya nao huisukuma slabu juu kutoka ndani. Ndiyo maana slabu hii inaweza kuwa nyembamba na nguzo zake zikawa mbalimbali.

Sasa hatari. Fundi wa mabomba anakuja na mashine kutoboa tundu la choo. Akikata waya uliovutwa, ameachilia tani hizo zote mara moja, na waya unaweza kuchomoka ukamuumiza. Kama ni waya uliopakwa grisi, ambao haukushikamana na konkriti, nguvu yake hupotea kwa urefu wake wote, hata mahali jirani anapolala. Na kwa macho tu, slabu hii haina tofauti na nyingine.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kutoboa, kukata au kuvunja, muulize mwenye nyumba. Kama slabu ina nyaya, mhandisi aangalie michoro na mashine maalum itumike kutafuta zinakopita.

Pili, ukiona ufa mpya, au maji na kutu kwenye ncha za slabu, toa habari mapema. Kutu ndiyo adui mkubwa wa nyaya.

Tatu, unayejenga, hakikisha mhandisi wako amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mkandarasi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Usikubali nyaya zivutwe kabla michemraba haijapimwa, hata kama una haraka ya kupata wapangaji.

Wenye nyumba, ihifadhini michoro hiyo kama mnavyohifadhi hati ya shamba. Atakayenunua jengo baadaye ataihitaji, na fundi wake pia.